Umbo Moja, Kazi Mbili: Mjadala wa Betri kwenye Benchi la Fundi, Same

Desemba ikishika, mabasi ya kutoka Dar es Salaam hupita Hedaru na Makanya yamejaa wana wa Upare wanaorudi nyumbani kwa sikukuu. Same ndipo wengi huteremka kabla ya kutafuta gari la kupandia milimani. Mizigo yao inajulikana: mchele, kitenge cha mama, dawa za bibi, spika ndogo ya muziki, pawabenki. Na siku hizi, katika mfuko wa shati wa kijana mmoja mmoja, kuna kijibomba cha chuma au plastiki kinachotoa mvuke wenye harufu ya embe au mnanaa. Ni sigara ya kielektroniki. Vijana wa mjini huiita vepu.

Kijibomba hicho kinakula umeme. Siku kinapozima, mwenye nacho humwendea mtu yuleyule anayefufua redio, tochi na taa za sola za mji huu: fundi.

Na fundi ana kopo. Ni kopo la maziwa ya unga, na ndani yake zimo betri za mviringo zenye unene wa kidole gumba, nyingine kijani, nyingine waridi, nyingine bluu, zote zimetolewa kwenye kompyuta mpakato zilizokufa. Zinaitwa 18650, na jina hilo ni kipimo chake: unene milimita 18, urefu milimita 65, na sifuri ya mwisho inaeleza kwamba umbo ni mcheduara. Vepu nyingi zenye betri ya kutoa na kurudisha hutumia 18650 pia. Ya kwenye kopo inaingia tundu lilelile, inabana vizuri, kifuniko kinafunga.

Je, betri iliyofaa tochi inafaa na sigara ya umeme kwa sababu tu imeenea tundu?

Tuwaketishe benchi moja watu wanne, kila mmoja abebe sauti ya wenzake wengi. Yupo Fundi mwenyewe, na kopo lake miguuni. Yupo Kijana aliyetoka Dar, vepu mkononi. Yupo Mwalimu wa fizikia wa sekondari, aliyekuja kuchukua redio yake. Na yupo Mama, mkulima wa tangawizi kutoka Mamba Miamba, ambaye tochi yake ya kichwani imeanza kufifia na ana zamu ya maji kesho alfajiri.

Kijana anaamkia wakubwa, anaitikiwa, kisha anaingia moja kwa moja kwenye shida yake. "Fundi, nipe betri moja hapo. Ukubwa ni huuhuu. Ila nitafutie yenye namba kubwa."

Anachokiita namba kubwa ni maandishi ya mAh, yaani ujazo wa betri. Anaeleza kwamba ameona dukani betri zilizoandikwa 9900, na kwamba ya kwake iliyokufa ilikuwa 2500 tu. Kwa hesabu yake, 9900 itamfikisha hadi mwaka mpya bila kuchaji mara nne.

Mwalimu anamkatiza kwa upole. Watengenezaji wakubwa wa dunia, wa Japani, Korea na China, wamehangaika na betri za aina hii tangu Sony ilipoanza kuuza betri za lithiamu za kuchaji mwaka 1991, na kwa mwili huu wa 18650 ujazo mkubwa uliozoeleka sokoni unazunguka kati ya 3500 na 3600. Ugunduzi uliozizaa betri hizi uliwapa John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. "Kama hao na viwanda vyao vyote hawajafika hata nusu ya 9900 kwenye mwili huu," anasema, "aliyeandika 9900 ameandika wino tu. Ndani hamna kitu hicho."

Mama anacheka kidogo, kicheko cha mtu anayeijua biashara. "Mwanangu, mnunuzi wa tangawizi haamini kilo alizoandika mkulima kwenye gunia. Analitundika kwenye mizani kwanza."

Mizani ni kipimo halali hapa pia. 18650 ya kweli ina uzito wa gramu 45 hadi 50 hivi. Nyingi za zile za maandishi makubwa ni nyepesi kuliko hapo, kwa sababu ndani yake kuna seli ndogo au nyenzo haba. Mizani ndogo kama ile ya wanunuzi wa vito inamaliza ubishi huo kwa dakika moja.

Swali la kipimo si geni Upare. Mwaka 1945 maelfu ya watu walikusanyika Same kupinga kodi ya mbiru, kodi iliyokadiriwa kwa mali ya mtu, na moyo wa malalamiko yao ulikuwa jinsi makadirio yale yalivyofanywa: nani amepima, na amepima kwa kitu gani? Miaka themanini baadaye swali lilelile linastahili kuulizwa mbele ya kaunta yenye betri za rangi rangi.

Kijana anakubali upande huo, lakini hajashindwa. Anasema basi aachane na 9900, achukue ya kwenye kopo. Hizo angalau zilitoka kwenye kompyuta ya kampuni inayojulikana. Hakuna aliyeziandikia uongo.

Hapo Fundi anashika usukani, kwa kuwa sasa kazi yake imeguswa. Anaeleza kopo lake bila kuficha. Betri ya laptopu huwa na seli sita ndani, zimepangwa jozi tatu. Jozi moja ikifa, kompyuta inakataa kuwaka na mwenye mali anatupa zote sita, kumbe nne bado zina uhai. Yeye hupasua plastiki kwa uangalifu, huzitenganisha, kisha huanza kuzichuja.

Kwanza anatazama ngozi. Betri hizi zina siri moja ambayo wengi hawaijui: chuma chote cha mwili ni hasi, kuanzia kitako mpaka begani. Chanya ni kile kitufe cha juu peke yake, na kinachokitenga na mwili ni pete nyembamba na jaketi la plastiki. Jaketi likichanika begani, msumari, ufunguo au sarafu inatosha kupiga shoti. Kwa hiyo iliyochanika ama inavalishwa jaketi jipya ama inatengwa.

Pili anaweka mita. Inayosoma chini ya volti 2 haipewi nafasi, hata ikibembelezwa ikapanda. Betri ya lithiamu ikiishiwa kupita kiasi, shaba iliyo ndani yake huanza kuyeyuka, na siku ya kuchajiwa shaba hiyo hujijenga upya mahali isipotakiwa, ikatengeneza shoti ya ndani.

Tatu anaichaji taratibu kwa kibao kidogo cha TP4056, kile ambacho mafundi wengi wanakijua, kinachokata chaji kwenye volti 4.2. Anaiweka juu ya kigae, mbali na makaratasi, na anaipapasa kila baada ya muda. Ikipata joto la kuunguza mkono, anaitoa. Ikijaa salama, anaiacha wiki nzima bila kuigusa. Iliyokuwa 4.2 ikashuka chini ya 4.0 inakwenda kwenye kopo la pili, kopo la maiti.

"Zinazobaki ndizo ninazompa Mama," anamaliza. "Nimezipima. Tochi ya kichwani inawaka usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu. Betri kavu za dukani angebadilisha kila wiki."

Mama anaunga mkono kwa nguvu zote. Anakumbuka betri za National zilizokuwa zikitengenezwa Dar es Salaam, jinsi zilivyoanikwa juani kwenye bati zikichoka, na jinsi mtu alivyoziuma kwa meno ili redio ipate taarifa ya habari moja zaidi. Kwake yeye betri ya kuchaji iliyotoka kwenye laptopu ni ukombozi. Anatembea gizani kwenye ukingo wa mfereji, upande mmoja mteremko, upande wa pili maji. "Sihitaji mnieleze namba," anasema. "Nahitaji tochi isinizimikie pale kwenye jiwe."

Mwalimu angeweza kukubaliana nao na mjadala ukaisha. Hakubali. Ana hoja kali zaidi: betri za mtumba zisiuzwe kabisa, si kwa vepu wala kwa tochi. Hakuna anayejua zimechajiwa mara ngapi, zimeangushwa mara ngapi, zimelala kwenye joto gani. Nchi ina Shirika la Viwango, TBS, na ina Tume ya Ushindani inayopambana na bidhaa bandia; kwa nini mwananchi wa Same aridhike na betri isiyo na mdhamini wa kiwanda wala wa serikali?

"Mwalimu, kwa heshima," Fundi anajibu, "ukifunga kopo langu leo, kesho Mama atanunua ile ya 9900. Umemtoa kwenye betri iliyopimwa ukampeleka kwenye betri ya wino."

Hilo ni jibu la haki, na Mwalimu analipokea kwa kunyamaza kidogo. Dukani Same, mpya haimaanishi salama. Hata majina makubwa yanayoaminika huvalishwa seli za ovyo, kwa kuwa jaketi la plastiki ni kitu cha kununuliwa kwa roli na kuchapishwa lolote. Kijana mwenyewe anasema ameshayaona hayo Kariakoo: jina lile, rangi ileile, uzito tofauti.

Lakini Mwalimu akirudi, anarudi na swali ambalo linabadilisha mazungumzo yote. "Fundi, umepima betri inatunza kiasi gani. Umepima inaweza kutoa kwa kasi gani?"

Na ili aeleweke na Mama, anaacha fizikia ya darasani anashika maji. Kila mtu wa Upare anaijua ndiva, bwawa la kienyeji linalokusanya maji ya usiku ili asubuhi yafunguliwe kwa zamu. Chukua ndiva mbili zenye ujazo sawa. Moja ina mlango mpana, nyingine mlango mwembamba. Ujazo ndio mAh. Mlango ndio ampia. Tochi ya Mama inachota kwa kikombe. Haifikii hata ampia 1. Kompyuta inachota kwa ndoo: laptopu inayokula wati 45 kwa betri ya volti 11 inavuta ampia 4 na kidogo, nazo zinagawanywa na seli mbili mbili, kila seli inatoa 2 tu. Betri za laptopu zilitengenezwa na mlango wa kazi hiyo.

"Na vepu?" Kijana anauliza.

Vepu inachota kwa kufungulia mlango wote. Ndani yake kuna koili, waya mdogo unaopata moto na kugeuza kimiminika kuwa mvuke. Ukubwa wa mkondo unatokana na ukinzani wa waya huo, na hesabu ni ya kidato cha pili: volti gawanya kwa ukinzani. Betri iliyojaa ina volti 4.2. Koili ya ohm 1.2 itaomba ampia 3.5. Koili ya ohm 0.2, ile ya mawingu makubwa inayopendwa na vijana, itaomba ampia 21. Umbo la betri ni lilelile, tundu ni lilelile, na ombi limepanda mara sita.

Mama ndiye anayemalizia mfano, kwa kuwa ameshuhudia. "Ukilazimisha maji mengi kwenye mlango mwembamba, kingo zinabomoka."

Ndivyo hasa. Kubomoka kwa betri ni joto. Kila betri ina ukinzani wake wa ndani, na unaongezeka inavyozeeka. Seli mpya iliyoundwa kwa kazi nzito ina sehemu ndogo sana za ohm, kama 0.02. Seli ya laptopu iliyochoka inaweza kufika 0.1. Mwalimu anaandika kwenye kipande cha boksi: koili 0.2 jumlisha ndani ya betri 0.1, jumla 0.3, volti 4.2 gawanya kwa 0.3, ampia 14. Kisha anazidisha 14 kwa 14 kwa 0.1. Jibu ni wati 19.6, na wati hizo haziendi kwenye mvuke. Zinabaki ndani ya betri yenyewe.

"Chuma chako cha kulehemu kina wati ngapi, Fundi?"

"Arobaini."

"Basi nusu ya chuma hicho umekifungia ndani ya kitu cha unene wa kidole gumba, na mtu amekishika karibu na mdomo."

Kimya kinakaa juu ya benchi. Ndani ya betri ya lithiamu, kati ya pande mbili zinazotunza nguvu, kuna utando mwembamba wa plastiki uliolowa kimiminika kinachoshika moto. Upande mmojawapo umetengenezwa kwa kinywe, madini yaleyale yaliyolala ardhini Mahenge mkoani Morogoro. Joto likifika karibu nyuzi 130 za Selsiasi, utando huanza kuyeyuka, pande zikakutana, na kuanzia hapo betri hujipasha yenyewe bila kusubiri mtu abonyeze kitufe. Bomba la chuma lililofungwa pande zote halina pa kupumulia.

Haya yameshatokea, na yamehesabiwa. Idara ya Zimamoto ya Marekani ilikusanya matukio 195 ya sigara za kielektroniki kuwaka au kulipuka nchini humo kati ya mwaka 2009 na 2016. Watu 133 waliumia, 38 kati yao vibaya. Karibu theluthi moja yalitokea kifaa au betri ya akiba ikiwa mfukoni, mahali ambapo sarafu na funguo pia hukaa. Mwaka 2018, katika jimbo la Florida, mtu aliuawa na kifaa chake kilicholipuka. Januari 2021 Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya Marekani iliwaonya wananchi wasinunue wala kutumia seli za 18650 zinazouzwa mojamoja, kwa kuwa zilitengenezwa ziwe sehemu ya pakiti yenye ulinzi wake, si kuuzwa uchi mkononi mwa mtu. Kwenye usafiri wa anga, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lilizuia betri za lithiamu za kuchaji kusafirishwa kama shehena ndani ya ndege za abiria kuanzia Aprili 1, 2016.

Kijana bado ana karata, nayo si ndogo. Kifaa chake, anasema, si bomba tupu. Kina chipu, kina kioo, kinakataa kikipigwa shoti, kinaonyesha volti na wati. Yeye anakiweka kwenye wati 60 tu. Basi ulinzi upo.

Hoja hiyo inastahili kujibiwa kwa uzito, maana ni ya kweli kwa nusu. Kifaa chenye chipu ni salama kuliko bomba la chuma lisilo na kitu ndani isipokuwa kitufe. Hilo la pili halifai mtu yeyote asiyejua kupima ukinzani kwa mkono wake. Lakini chipu inajua koili, inajua volti. Haijui betri uliyoiweka ilizaliwa kwa ampia ngapi. Ukiiambia wati 60, itazitafuta hizo 60 kwa gharama yoyote. Betri inapoelekea kuisha na kushuka mpaka volti 3.3, wati 60 ni ampia 18, na chipu nayo ina ushuru wake, hivyo ombi linazidi hapo. Seli ya laptopu ya ampia 5 itaombwa mara nne ya uwezo wake, na kioo kitaendelea kuonyesha kwamba mambo ni shwari.

"Sasa mnataka nifanye nini?" Kijana anauliza, na safari hii haulizi kwa ubishi. Anaomba msaada.

Jibu la kwanza linatoka kwa Mwalimu, na ni kusoma jina kamili, si namba ya mAh peke yake. Herufi zilizoandikwa pembeni zina maana. I ya mwanzo ni lithiamu, R ya tatu ni umbo la mviringo, na herufi ya katikati ndiyo damu ya betri: C ni kobalti, iliyozoeleka kwenye laptopu za zamani, M ni manganizi, N ni nikeli, ambayo imekuwa kawaida kwenye betri za kazi nzito, F ni chuma-fosfati. Baada ya herufi hizo mtu atafute kwenye jedwali la mtengenezaji kiwango cha ampia za mfululizo, si zile za sekunde moja zinazopambwa dukani. Samsung 25R, kwa mfano, ina ujazo wa 2500 na inaruhusiwa ampia 20. Panasonic NCR18650B ina ujazo wa 3400, mkubwa zaidi, lakini mlango wake hauwezi kushindana na wa ile ya kwanza. Anayechagua kwa mAh ataondoka na ya pili, na kwa vepu nzito atakuwa amekosea. Ndani ya mwili mmoja, ujazo ukiongezwa mlango hupungua. Betri yenye vyote viwili kwa ukamilifu haijapatikana kiwandani.

Fundi anaongeza ya kwake, ya mkononi. Kifaa kinachokula betri mbili kipewe mbili zilizonunuliwa siku moja, za aina moja, zichajiwe pamoja na zichoke pamoja. Ukichanganya nzima na kongwe, nzima huilemea kongwe mpaka ipasuke. Betri ya akiba isiwekwe mfukoni bila kifuko chake cha plastiki. Isiachwe juu ya dashibodi ya gari lililoegeshwa kwenye jua la Same, wala chini ya mto usiku ikichaji. Na iliyovimba, iliyovuja, iliyoanguka ikabonyea, ifungwe utepe wa nailoni kwenye ncha zake na isirudi kazini.

Mama anauliza swali ambalo wengine wamelisahau: na ya kwake? Hapo Mwalimu na Fundi, kwa mara ya kwanza, wanasema kitu kimoja. Tochi ya kichwani isiyofika ampia 1 inaweza kubebwa na seli ya kopo iliyopita mitihani yote mitatu. Kwa taa ya sola ya nyumbani, ile inayochajiwa kila siku na kutumika kila usiku, bora aweke akiba anunue ya chuma-fosfati. Ujazo wake ni mdogo kwa umbo lilelile, lakini inavumilia kuchajiwa mara maelfu, na kemia yake ni ngumu zaidi kushika moto. Sharti ni moja: hiyo ni ya volti 3.2 na hukatwa chaji kwenye 3.65, kwa hiyo isiwekwe kamwe kwenye kibao cha 4.2 kilichozoea zile za laptopu. Kosa hilo hufanyika kwa sababu, tena, umbo ni moja.

Halafu Mama anamgeukia Kijana, kwa sauti ya mzazi. "Mwanangu, na hiyo sigara yenyewe? Ni lazima?"

Kijana hajibu haraka. Anasema aliichukua ili aache sigara za moshi. Wapo wengi waliosema hivyo, na wapo walioishia na zote mbili mkononi. Mvuke una nikotini, na nikotini humfunga mtu iwe imetoka kwenye moshi au kwenye embe ya kiwandani. Uganda ilikata shauri mapema: Sheria yake ya Udhibiti wa Tumbaku ya mwaka 2015 ilipiga marufuku sigara za kielektroniki moja kwa moja. Uingereza, iliyoziruhusu kwa wavutaji wanaotaka kuacha, ilizuia zile za kutupa kuanzia Juni 1, 2025, baada ya kuona mamilioni yakitupwa kila wiki, kila moja na betri ya lithiamu ndani yake. Betri hizo zingeweza kuchajiwa mara mamia. Zilitumika mara moja zikaenda jalalani, na jalala likawaka.

Same haina gari la kukusanya betri mlangoni. Kopo la maiti la Fundi limejaa, naye anakiri kwamba hajui alipeleke wapi zaidi ya kulitunza pakavu. Hapo halmashauri ina deni. Tanzania ina kanuni za taka za vifaa vya umeme na kielektroniki za mwaka 2021, na ina chombo cha taifa cha kusimamia mazingira; kinachokosekana kwenye mji wa ukubwa huu ni pipa moja la chuma lenye mchanga, mahali pamoja panapojulikana, na gari la kulichukua mara moja moja.

Hukumu ya mjadala huu haiwi sare. Kijana ameshindwa kwenye umbo na kwenye mAh, ingawa alikuwa sahihi kuhusu majina bandia. Mwalimu ameshinda kwenye ampia, akashindwa alipotaka kopo lifungwe kabisa, kwa sababu tochi ya Mama ni kazi halali na nyepesi kwa betri iliyopimwa. Fundi amethibitisha kwamba mtumba uliochujwa ni bora kuliko upya wa wino, lakini vipimo vyake vinatosha kwa taa tu. Kwa sigara ya umeme inayotumia seli za mojamoja, hakuna hata betri moja kwenye kopo lile inayofaa, na mahali ambapo seli halisi ya ampia 20 haiwezi kuthibitishwa, kifaa cha namna hiyo kikae kimezimwa.

Kwa hiyo, mafundi wa Same, Hedaru, Gonja na Mwanga, andikeni juu ya kopo kwa kalamu nzito: TAA NA REDIO TU. Mteja akija na vepu, mwonyesheni maandishi hayo kabla hajaonyesha pesa. Na wewe msomaji unayerudi nyumbani sikukuu hii na betri za akiba mfukoni, zitoe sasa hivi, zitenge na funguo, zitie kwenye kifuko, ndipo upande gari la mlimani.